Saratani ya ngozi kazini: Neno moja la daktari linavyobeba au kuangusha dai la fidia

*Aina ya saratani, mahali ilipoota na tarehe ilipoonekana ndivyo vinavyoamua kama mfanyakazi atalipwa au atarudishwa nyumbani mikono mitupu*

Na Mwandishi Wetu

Kila siku ya kazi, vichupa vyenye fomalini hupokelewa kwenye dirisha la maabara ya patholojia. Ndani ya kimoja huwa kuna kinyama kisichozidi nusu sentimita, kilichokatwa kwenye sikio, pua au shingo ya mtu. Fundi sanifu hulinganisha namba ya kichupa na ya fomu, kisha kazi huanza.

Kinyama hukaushwa maji na kugandishwa ndani ya nta. Hukatwa vipande vyembamba vya maikromita tatu au nne, kisha hutiwa rangi mbili: ya zambarau inayoshika viini vya seli, na ya waridi inayoshika sehemu zilizobaki. Daktari bingwa wa patholojia huinamia hadubini na kuandika mistari michache.

Kwa mgonjwa, mistari hiyo humwambia kama ana saratani na kama imekatwa yote. Kwa mfanyakazi anayedai fidia, ina uzito wa ziada: ni ushahidi. Ofisi ya fidia itaisoma neno kwa neno, na neno moja likikosekana, miaka 20 ya kazi ya juani inaweza kuhesabika kuwa si kitu.

Tatizo ni kwamba fomu nyingi zinazoambatana na kinyama huuliza jina, umri, jinsia na sehemu ya mwili. Swali la kazi anayofanya mgonjwa ama halijajazwa, ama halimo kabisa.

Saratani zinazodharauliwa

Melanoma ndiyo saratani ya ngozi inayotajwa zaidi, na ni hatari kweli. Lakini zilizo nyingi zaidi ni zile zinazowekwa pamoja kwa jina la saratani za ngozi zisizo melanoma.

Mbili ndizo kubwa. Ya kwanza ni saratani ya seli za msingi, inayotoka kwenye tabaka la chini la ngozi ya juu. Huota taratibu, mara nyingi kama kinundu kinachong'aa chenye vimishipa vyembamba vya damu, na ni nadra kusambaa mbali. Ikiachwa, hula pua, kope au sikio hadi mfupa.

Ya pili ni saratani ya seli bapa. Hii huwa na magamba, hutoka damu, hugeuka kidonda, na inaweza kusafiri hadi kwenye mitoki na viungo vya ndani. Kabla yake mara nyingi hutangulia madoa makavu yanayokwaruza mkono, yanayoitwa keratosi za jua.

Kwa kuwa nyingi hutibiwa kwa upasuaji mdogo na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo, saratani hizi zimechukuliwa kama jambo jepesi. Takwimu zinakanusha wepesi huo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalitoa makadirio ya pamoja Novemba 2023. Yalionyesha kwamba mwaka 2019 watu bilioni 1.6 wenye umri wa kufanya kazi walipigwa na mionzi ya jua wakiwa kazini, sawa na asilimia 28 ya watu wote wa umri huo. Mwaka huo karibu watu 19,000 katika nchi 183 walikufa kwa saratani za ngozi zisizo melanoma zilizotokana na kufanya kazi juani.

> Kifo kimoja kati ya vitatu vinavyosababishwa na saratani za ngozi zisizo melanoma kinatokana na kufanya kazi juani. — Makadirio ya WHO na ILO, 2023

Mwaka 2000 vifo hivyo vilikuwa takriban 10,000. Katika miaka 19 vimekaribia kuongezeka maradufu.

Masizi yalitangulia, jua likachelewa

Saratani ya ngozi ndiyo iliyofungua ukurasa wa saratani za kazini duniani. Mwaka 1775, Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya St Bartholomew's jijini London, aliandika kuhusu wafagiaji wa dohani. Waliingizwa ndani ya mabomba ya moshi wakiwa watoto wadogo, na walipokuwa watu wazima wakaota saratani kwenye mfuko wa korodani. Pott aliihusisha na masizi yaliyojikusanya kwenye mikunjo ya ngozi.

Ilipita zaidi ya karne nzima kabla ya sheria za fidia za Uingereza kuutambua ugonjwa huo. Lami, makaa, mafuta ya mashine na aseniki vilifuata kwenye orodha za nchi mbalimbali. Vyote hivyo vilikuwa na faida moja mbele ya sheria: ni vitu vya kiwandani, na mwajiri ndiye aliyevileta.

Jua halina mwenyewe. Humpiga mfanyakazi kazini, humpiga njiani, humpiga akicheza mpira na wanawe. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililiweka jua kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1992, lakini mifuko mingi ya fidia iliendelea kuuliza swali lile lile: tutajuaje kwamba ni jua la kazini?

Swali hilo ni halali. Namna ya kulijibu ndiyo inayotenganisha nchi na nchi, na ndiyo inayompa daktari jukumu ambalo wengi hawakufundishwa chuoni.

Msimbo unaotaja mahali, si aina

Hospitali na bima nyingi duniani huandika magonjwa kwa misimbo ya Ainisho la Kimataifa la Magonjwa. Katika toleo la 10, melanoma ina msimbo wake, C43. Saratani nyingine za ngozi zimewekwa chini ya C44.

Namba inayofuata baada ya nukta hutaja mahali. C44.1 ni kope, C44.2 ni sikio, C44.3 ni sehemu nyingine za uso, C44.4 ni ngozi ya juu ya kichwa na shingo, C44.6 ni mkono, C44.7 ni mguu. Hakuna hata namba moja kati ya hizo inayosema kama ni seli za msingi au seli bapa. Hata saratani ya Merkel, ambayo ni adimu na kali sana, huingia kwenye msimbo huo huo pamoja na kinundu kinachokua polepole kwa miaka mitano.

Mfano wa mdomo unaonyesha jinsi mpaka ulivyo mwembamba. Saratani ikiota kwenye ngozi inayozunguka mdomo, ni C44.0. Ikisogea milimita chache hadi kwenye sehemu nyekundu ya mdomo, inahamia C00, kundi la saratani za mdomo. Mtu ni yule yule, kazi ni ile ile, jua ni lile lile, lakini karatasi inasema ugonjwa mwingine.

Keratosi za jua nazo zina msimbo tofauti, L57.0, kwa sababu si saratani bado. Saratani iliyobaki kwenye tabaka la juu bila kupenya chini ina D04. Saratani ya Kaposi, ingawa huonekana kwenye ngozi, ina C46 na haihesabiki humu.

Aina halisi hupatikana kwenye ripoti ya patholojia pekee. Ndiyo maana dai lililobeba msimbo bila ripoti hukwama: ofisa wa fidia anajua ugonjwa uko wapi, hajui ni upi.

Ujerumani: sita hupita, tano hubaki

Ni mahali pachache ambapo uainishaji huu una uzito wa fedha kama Ujerumani. Nchi hiyo ilianza bima ya ajali kazini mwaka 1884, enzi za Kansela Otto von Bismarck. Kuanzia Januari 1, 2015, iliingiza kwenye orodha yake ya magonjwa ya kazi namba 5103: saratani ya seli bapa, au keratosi nyingi za jua, zinazosababishwa na mionzi ya asili ya jua.

Kila neno katika sentensi hiyo lina masharti yake.

Keratosi "nyingi" maana yake ni zaidi ya tano ndani ya miezi 12, au eneo moja lililoungana linalozidi sentimita nne za mraba. Daktari akiandika kwamba mgonjwa ana "madoa kadhaa", hajamsaidia. Anatakiwa kuhesabu, kupima kwa rula na kuchora mahali yalipo.

Kisha huja hesabu ya jua. Vigezo vinavyotumika vinadai kwamba mionzi ya kazini iwe imeongeza angalau asilimia 40 juu ya ile ambayo mtu angeipata katika maisha yake nje ya kazi. Wataalamu hukadiria kwamba maisha ya kawaida humpa mtu takriban vipimo sanifu 130 vya mionzi kwa mwaka, na kazi ya nje ya kutwa nzima huongeza hadi 170 hivi.

Chukua mwezekaji mapaa wa miaka 50. Maisha yake ya kawaida yamempa vipimo 6,500. Asilimia 40 ya hapo ni 2,600. Kwa vipimo 170 kila mwaka, atahitaji kuthibitisha miaka 15 na ushei ya kazi juu ya mapaa. Akiwa na miaka 60, atahitaji zaidi ya 18.

> Mwezekaji mapaa wa miaka 50 anahitaji kuthibitisha zaidi ya miaka 15 ya kazi ya juani ili dai lake lisimame

Hesabu hizo zinazidi kuimarishwa kwa vipimo vya uwanjani. Tangu 2014, taasisi ya usalama kazini ya mifuko ya bima ya ajali imeendesha mradi wa GENESIS-UV. Wafanyakazi wa fani mbalimbali huvaa kifaa kidogo kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, na kifaa hicho hurekodi mionzi sekunde baada ya sekunde. Sasa mkadiriaji anaweza kulinganisha mwashi, mkulima, mwalimu wa chekechea na mfanyakazi wa barabara bila kubahatisha.

Mahali pa ugonjwa pia hupimwa. Doa kwenye utosi wenye upara, ncha ya sikio au kisogo linaendana na kazi ya juani. Doa kwenye paja lililofunikwa na suruali miaka yote litaulizwa maswali.

Dai likikubaliwa, mfuko hugharamia matibabu na ufuatiliaji. Pensheni hulipwa pale uwezo wa kufanya kazi unapokuwa umepungua kwa angalau asilimia 20. Na daktari mwenye shaka ya msingi kwamba ugonjwa umetokana na kazi hana hiari: sheria inamlazimu kuripoti.

Aina iliyoachwa nje ya mlango

Msomaji makini amekwisha kuona pengo. Saratani ya seli za msingi, iliyo nyingi kuliko zote, haimo kwenye namba 5103.

Waliotetea kuiacha walikuwa na hoja. Saratani ya seli bapa hufuata jumla ya jua la maisha yote, na hilo linapimika. Ile ya seli za msingi ina tabia ya kuchanganya: huhusishwa pia na jua la utotoni na la kuungua ghafla wakati wa likizo, na huweza kuota sehemu zisizopigwa sana na jua. Mfuko wa fidia, walisema, hauwezi kulipia jua la ufukweni.

Upande wa pili una ushahidi wake. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba wafanyakazi wa nje wako kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani zote mbili, ingawa ongezeko la seli bapa lilikuwa kubwa kuliko la seli za msingi. Mwaka 2018, utafiti uliofanyika Ujerumani kwenyewe ulionyesha kwamba waliopata mionzi mingi kazini walikuwa na uwezekano unaokaribia mara mbili wa kuugua saratani ya seli za msingi, ukilinganisha na wasiopata mingi kiasi hicho.

Kwa hiyo wajenzi wawili waliopanda ngazi moja kwa miaka 25 wanaweza kukatwa vinundu vinavyofanana pembeni mwa pua. Mmoja ripoti yake inasema seli bapa, na mlango wa fidia unafunguka. Mwingine inasema seli za msingi, na anajitegemea. Kovu la huyu wa pili linaweza kuwa kubwa zaidi.

Si haki kwamba hatima ya mtu iamuliwe na tabaka la ngozi ambalo jua lilichagua kuharibu. Orodha za fidia ni zao la sayansi ya wakati wake. Sayansi ikisogea, orodha nayo isogee.

Australia: askari na saa za jua

Australia inakabiliwa na ugumu wa aina nyingine. Huko inakadiriwa kwamba watu wawili kati ya watatu watagunduliwa na saratani ya ngozi kabla ya kutimiza miaka 70. Daftari nyingi za saratani za majimbo hazirekodi kwa kawaida aina hizi mbili kwa sababu ya wingi wake. Pale ambapo ugonjwa uko kila nyumba, askari mstaafu atathibitishaje kwamba wake ulitokana na utumishi?

Jibu lao ni nyaraka zinazoitwa kauli za kanuni. Hutolewa na mamlaka ya wataalamu wa tiba iliyoanzishwa 1994, na zina nguvu ya kisheria. Kwa saratani za ngozi zisizo melanoma, kauli hizo hutaja visababishi vinavyokubalika, jua likiwemo, pamoja na kiwango cha chini.

Kwa jua, kinachohesabiwa ni saa ambazo ngozi isiyofunikwa, ya sehemu ile ile iliyoota saratani, ilipigwa na jua kabla ugonjwa haujaanza. Saa za ukanda wa tropiki zina uzito kuliko za maeneo ya mbali na ikweta. Askari aliyetumikia Nui Dat, kambi ya Waaustralia wakati wa vita vya Vietnam, ana hesabu tofauti na aliyekaa karakana ya kusini mwa nchi.

Kila ugonjwa una kauli mbili. Moja ni ya waliokwenda kwenye operesheni za kivita, ambako inatosha kuwepo nadharia yenye mashiko. Nyingine ni ya utumishi wa wakati wa amani, ambako lazima ionekane kwamba uwezekano wa ugonjwa kutokana na utumishi ni mkubwa kuliko wa kutotokana nao. Jamii imeamua kwamba aliyepelekwa vitani asibebeshwe mzigo mzito wa ushahidi.

Fundisho la Australia kwa daktari ni kwamba mambo matatu yaandikwe bila kukosa: ni saratani gani, iko wapi hasa, na ilianza lini. "Mkono" haitoshi. "Mgongo wa mkono wa kulia, sentimita tatu chini ya kifundo" inatosha. Tarehe nayo si ya siku ya kujaza fomu ya madai, bali ya siku dalili zilipoonekana mara ya kwanza, na picha ya zamani au kadi ya kliniki inaweza kuithibitisha.

Ushahidi unaogandishwa na kupotea

Adui mkubwa wa madai haya mara nyingi ni tiba yenyewe. Keratosi na saratani ndogo ndogo huweza kuunguzwa kwa baridi ya naitrojeni ya majimaji. Daktari hupuliza sekunde chache, doa huwa jeupe, siku chache baadaye hubanduka. Ni tiba nzuri, ya haraka na ya bei nafuu.

Lakini hakuna kinyama kilichobaki. Miaka 10 baadaye mgonjwa akiulizwa ilikuwa saratani gani, jibu lililopo ni kumbukumbu yake tu.

Kipimo cha kinyama chenyewe kina namna yake. Kikichukuliwa kijuujuu mno, mpatholojia huona seli zilizoharibika lakini hawezi kusema kama zimepenya chini. Ripoti hutoka na maneno "haiwezekani kuthibitisha upenyaji", na dai hubaki hewani kati ya D04 na C44.

Huku kwetu: makovu na vidonda sugu

Kwa Waafrika wengi, weusi wa ngozi ni kinga kubwa dhidi ya jua. Saratani ya seli bapa inapowapata, mara nyingi huota mguuni, juu ya kovu la kuungua au kidonda kilichokataa kupona kwa miaka. Daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin aliandika kuhusu vidonda vya aina hii mwaka 1828, na hadi leo vinaitwa kwa jina lake.

Hapa ndipo suala la fidia linapoingia kimya kimya. Mtu aliungua na mvuke kiwandani akiwa na miaka 25. Alitibiwa, akapona nusu, kovu likabaki likipasuka kila msimu wa joto. Miongo miwili au mitatu baadaye, kingo za kidonda zinainuka, zinakuwa ngumu, nyama inachomoza, harufu inabadilika, damu inatoka kwa kuguswa tu.

Zahanati inaendelea kusafisha na kufunga bandeji. Kwenye daftari kinaandikwa kidonda sugu cha mguu, L97. Kipimo cha kinyama, ambacho kinapaswa kuchukuliwa sehemu kadhaa za ukingo, hakifanyiki. Siku kinapofanyika na C44.7 kuandikwa, mara nyingi ni siku ya kuzungumzia kukata mguu.

Saratani hiyo ni mwendelezo wa ajali ya kazini. Lakini nani ataunganisha kovu la zamani na ripoti ya leo, ikiwa karatasi za ajali zilitupwa na kiwanda kimebadilisha wamiliki?

Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mfuko ulianza kupokea michango ya waajiri Julai 2015, na unahudumia wafanyakazi wa sekta ya umma na binafsi. Kenya ina sheria yake ya mafao ya kuumia kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri kukata bima. Misingi ipo. Kinachohitajika ni ushahidi wa kitabibu wa kuifanya ifanye kazi.

Ualbino: anayeumia zaidi, anayelindwa kidogo

Jua la Afrika Mashariki lina mhanga wake mkuu: mtu mwenye ualbino. Ngozi yake haina melanini ya kutosha, na madhara huanza kujijenga tangu utotoni. Takwimu za wagonjwa waliotibiwa katika hospitali za Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi, zinaonyesha saratani ya seli bapa ikiongoza, na kichwa na shingo ndizo sehemu zinazoshambuliwa zaidi. Wengi hufika hospitali wakiwa vijana, ugonjwa ukiwa umeshakomaa.

Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa Moshi mwaka 1992 kimekuwa kimbilio lao. Mjini Moshi hutengenezwa pia mafuta ya kukinga jua ya Kilisun kwa ajili yao. Kazi hiyo inaokoa maisha.

Chukua mwenye ualbino aliyeajiriwa kama mlinzi wa getini, mpima barabara au kibarua wa shamba kubwa, akapata saratani ya seli bapa ya sikio. Akidai fidia, hoja ya kwanza ya upande wa pili inatabirika: tatizo ni ngozi yake, si kazi.

Hoja hiyo inageuza mambo juu chini. Katika madai ya madhara, nchi zilizorithi sheria za Kiingereza zina kanuni ya siku nyingi kwamba anayesababisha madhara humchukua mwathirika jinsi alivyo, pamoja na udhaifu wake. Mwajiri anayemjua mfanyakazi wake, anamwona kila asubuhi, na bado anampanga juani saa sita mchana bila kofia pana wala kivuli, hawezi kujificha nyuma ya hoja ya kurithi.

> Hali ya ngozi inaeleza kwa nini ameumia haraka. Haifuti ukweli kwamba jua lililomuumiza lilikuwa la kazini.

ILO, katika orodha yake ya magonjwa ya kazi iliyorekebishwa 2010, inataja magonjwa yatokanayo na mionzi ya urujuanimno, na inaacha nafasi kwa saratani nyingine pale uhusiano na kazi unapothibitishwa kisayansi. Nchi zetu hazihitaji kuanza upya.

Kabla ya kuwasilisha dai

Kutokana na uzoefu wa nchi zilizotangulia, haya ndiyo mambo ya kuhakikisha:

• Kinyama kichukuliwe kabla ya kuunguza au kugandisha doa, na ripoti itaje aina, upenyaji na kama kingo zimekatwa salama.

• Mahali paandikwe kwa usahihi, kwa sentimita na upande, na picha ipigwe ikiwa na rula kando.

• Keratosi zihesabiwe, zisielezwe kwa jumla.

• Historia ya kazi iandikwe mwaka kwa mwaka: kazi gani, wapi, saa ngapi juani, mavazi gani. Kazi za lami, mafuta ya mashine au moto zitajwe pia.

• Kovu la ajali ya zamani liambatanishwe na karatasi za ajali hiyo, hata kama miaka 30 imepita. Nakala ibaki kwa mfanyakazi mwenyewe.

Wasio na wa kumdai

Mifuko ya fidia ina haki ya kudai usahihi. Fedha hizo ni za wote, na dai lisilo na msingi hula fungu la mwenye haki. Lakini usahihi unaodaiwa kwa mfanyakazi unapaswa kudaiwa pia kwa hospitali na kwa sheria. Nchi isiyo na wapatholojia wa kutosha, kisha ikamkatalia mtu kwa kukosa ripoti ya patholojia, inamwadhibu kwa upungufu wa nchi yenyewe.

Na kuna waliobaki nje ya mjadala huu kabisa. Mkulima wa jembe la mkono, mvuvi, machinga na fundi wa kando ya barabara hawana mwajiri wa kumdai wala mfuko wa kuuendea. Wanaugua kwa jua lile lile.

Kwao, haki haitakuja kupitia fomu ya madai. Itakuja kupitia bajeti: mafuta ya kukinga jua yanayofika zahanati ya kijiji, kliniki ya ngozi inayozunguka mara kwa mara, mafunzo ya kazi za ndani kwa vijana wenye ualbino, na daftari la saratani linalorekodi aina ya ugonjwa na kazi ya kila mgonjwa. Serikali isiyohesabu haiwezi kupanga, na mpaka wahesabiwe, vifo vyao vitaendelea kuitwa bahati mbaya wakati vinazuilika.